Mkato wa ardhi unapokataa kufanana na ramani: jinsi ya kulifuata kosa mpaka lilipoanzia

Mwanafunzi anayechora mkato wa ardhi, yaani sura ya ardhi kama inavyoonekana kutoka ubavuni, akitumia ramani ya kontua (mistari inayounganisha mahali penye mwinuko sawa), kwa kawaida hugundua kosa akiwa amekwisha kuunganisha alama zote, na jambo la kwanza analolifanya ni kuchukua kifutio na kuupindisha mstari mpaka upendeze. Ninamsihi asifanye hivyo. Mstari wa mkato unazifuata alama zilizo kwenye karatasi ya grafu, alama hizo zimetoka kwenye ukanda wa karatasi uliolazwa juu ya ramani, na ukanda nao umebeba kile ambacho jicho lilisoma kwenye kontua. Katika kusahihisha kazi za namna hii nimeona kwamba makosa mengi huonekana kwenye grafu lakini huwa yamezaliwa kwenye ukanda. Kwa sababu hiyo ukanda usitupwe mpaka kazi iwe imekamilika, kwa kuwa ndio kumbukumbu pekee ya kilichotokea kati ya ramani na mchoro.

Nitachukulia kwamba msomaji anaujua utaratibu wenyewe: mstari ulionyooka kutoka A hadi B, ukanda kando yake, kistari cha penseli kila kontua inapokatwa pamoja na namba ya mwinuko wake, kisha kuhamishia alama hizo kwenye grafu na kuziunganisha. Mifano yangu inatumia ramani ya 1:50,000, ambayo ndiyo iliyozoeleka katika usomaji wa ramani Tanzania na Kenya. Katika ramani hiyo sentimita 1 ni mita 500 ardhini, na mraba wa gridi wa kilomita 1 una upande wa sentimita 2. Mwachano wa kontua, yaani tofauti ya mwinuko kati ya kontua moja na inayofuata, nitauchukua kuwa mita 20 isipokuwa nikisema vinginevyo.

Palipo na bonde pametokea kilima

Hili ni kosa zito kuliko yote kwa sababu mchoro huwa safi kabisa, na asiyeiangalia ramani hawezi kulishuku. Chanzo chake mara nyingi ni kuhesabu kontua badala ya kuzisoma. Mwanafunzi anaona namba 1,800 kwenye kontua kuu, ile iliyochapwa kwa wino mzito, kisha anaendelea kuandika 1,820, 1,840, 1,860 bila kuhakikisha kama ardhi kweli inapanda upande ule. Dawa yake ni kutafuta kontua kuu ya pili kabla ya kuandika namba yoyote katikati. Katika mwachano wa mita 20, kontua kuu huja kila baada ya mita 100. Kwa hiyo ikiwa inayofuata ni 1,700 na siyo 1,900, mwelekeo umekwisha kujulikana, na kontua nne zilizo katikati zinajazwa kwa kushuka.

Hali ya mviringo ndiyo inayodanganya zaidi. Wanafunzi wengi wamezoea kwamba kontua zinazojifunga kama pete ni kilima, na kwa kawaida ndivyo ilivyo, lakini Ngorongoro inatosha kuonyesha hatari ya mazoea hayo. Mstari unaokatiza kreta hiyo unapanda hadi ukingoni, unashuka takriban mita 600 hadi sakafuni, unakwenda karibu tambarare kwa kilomita nyingi, kisha unapanda tena ukuta wa upande wa pili. Pete zipo, ila namba zake hupungua kuelekea ndani. Ziwa Magadi, lililochorwa kwa buluu pale sakafuni, ni ushahidi mwingine, kwani maji hayatuami juu ya kilele cha mlima. Katika mashimo madogo wachora ramani huweka vijistari vifupi kwenye kontua, vikielekea upande wa chini. Vijistari hivyo vikipuuzwa, shimo linageuka kichuguu.

Pasipo na namba karibu, mito itasema. Kontua inayovuka mto hujikunja kama herufi V, na ncha ya V hiyo huelekea juu, kule mto unakotoka. Kontua inayojikunja na kuelekeza ncha yake chini inaonyesha mgongo wa mlima unaojitokeza. Anayeliweka hilo akilini hawezi kugeuza bonde kuwa mgongo, hata kama namba zote za eneo hilo zimefichwa na jina la kijiji.

Kuna namna nyingine ya mgeuko, ambapo mabonde na vilima vyote vipo lakini mchoro mzima umekuwa kama picha ndani ya kioo: mteremko mkali uliopaswa kuwa kushoto uko kulia. Hapa kontua zilisomwa vizuri. Ukanda ndio uliogeuzwa ulipopelekwa kwenye grafu. Andika A na B kwenye ncha za ukanda kabla ya kuuinua juu ya ramani, kisha linganisha namba iliyo jirani na A kwenye grafu na kontua iliyo jirani na A kwenye ramani. Ukaguzi huo ni wa nusu dakika.

Kilele kimekatwa bapa, au mahali pa kati ya vilele viwili pamekuwa kama meza

Mstari ukikata kontua ya mita 1,640 ukipanda na kuikata tena hiyo hiyo ukishuka, grafu itakuwa na alama mbili za kimo kimoja, na anayetumia rula ataziunganisha kwa mstari mlalo. Lakini ardhi iliyo kati ya alama hizo iko juu ya mita 1,640. Hata hivyo haifiki 1,660, maana ingefika, kontua nyingine ingechorwa. Mkato basi unapaswa kupinda kwa upole juu ya alama hizo na kugeuka kabla ya mstari wa 1,660. Kama kuna nukta ya mwinuko au kituo cha upimaji karibu na mstari wako, namba yake itakusaidia kukadiria, ila uitumie moja kwa moja pale tu ambapo mstari unapita juu ya nukta yenyewe. Nimeona wanafunzi wakiazima kilele kilicho nusu kilomita kando ya mstari wakakiweka ndani ya mkato, na hilo ni kuchora mlima ambao mstari haukuupanda.

Mfano mzuri wa hali ya kinyume ni Kilimanjaro, kati ya kilele cha Uhuru pale Kibo chenye mita 5,895 na Mawenzi yenye mita 5,149. Umbali wa vilele hivyo ni takriban kilomita 11, yaani sentimita 22 kwenye ramani ya 1:50,000, na kati yake kuna tandiko pana lililoinama katikati kama tandiko la farasi. Mstari unaotoka Kibo utaikata kontua fulani ukishuka na kuikata tena ukianza kuipanda Mawenzi. Hapa mkato unapaswa kuzama kidogo chini ya alama hizo mbili, bila kuigusa kontua iliyo chini yake. Kanuni ni ile ile ya kilele, imegeuzwa, lakini wanafunzi wanaoinamisha bonde la mto bila shida husita mbele ya tandiko kwa sababu hawaoni mto wowote. Swali la kujiuliza ni moja tu: nikiwa natembea kutoka alama ya kwanza kwenda ya pili, nilifika ya kwanza nikipanda au nikishuka? Ukifika ukipanda, endelea juu kidogo. Ukifika ukishuka, endelea chini kidogo.

Milima imekuwa sindano, au nchi nzima imelala

Matatizo haya mawili yanatoka kwenye uamuzi mmoja, nao ni kipimio cha wima. Ukuzaji wima hupatikana kwa kugawanya umbali wa ardhini unaowakilishwa na sentimita 1 ya mlalo kwa mwinuko unaowakilishwa na sentimita 1 ya wima. Mlalo ukiwa mita 500 na wima mita 100, mkato umekuzwa mara 5. Wima ukiwa mita 20, umekuzwa mara 25, na hapo hata vilima vya kawaida huonekana kama meno ya msumeno.

Hakuna namba moja inayofaa kila mahali, na ninapinga desturi ya kuwakaririsha wanafunzi kipimio kimoja cha wima. Chukua tofauti kati ya mwinuko wa juu na wa chini kwenye mstari wako, uilinganishe na nafasi uliyo nayo kwenye karatasi. Kwa Kibo na Mawenzi, sentimita 1 kwa mita 200 inatosha sana. Ukuzaji ni mara 2.5 na mchoro unabaki na sura ya mlima ule. Kwa Unguja, ambako hata Masingini iko kwenye takriban mita 120 tu, kipimio hicho kingeleta mstari usiofikia urefu wa sentimita moja, na mtazamaji angedhani amechorewa uso wa bahari. Huko sentimita 1 kwa mita 20 ni sahihi, na ukuzaji wa mara 25 si aibu mradi uandikwe chini ya mchoro.

Sindano zinaweza pia kutokana na vipimo vilivyochanganywa. Baadhi ya ramani za zamani zina kontua za futi, mara nyingi kwa mwachano wa futi 50, ilhali umbali unasomwa kwa mita. Mwanafunzi anaweka sentimita 1 kwa futi 200, anagawa 500 kwa 200, na kutangaza kwamba amekuza mara 2.5. Hesabu ya kweli ni tofauti: futi 200 ni karibu mita 61, na 500 gawanya kwa 61 ni zaidi kidogo ya 8. Ukiona mchoro ni mkali mno kuliko ukuzaji ulioandikwa chini yake, usitafute kosa kwenye alama. Soma maelezo ya pembezoni mwa ramani uone kontua zimeandikwa kwa kipimo gani.

Na wapo wanaoanza mhimili wa wima kwenye sifuri hata kama mstari wao haushuki chini ya mita 4,000. Karatasi inaisha na milima bado haijaanza. Mhimili uanze kwenye kimo kilicho chini kidogo ya kontua ya chini kabisa, na namba hiyo iandikwe waziwazi.

Mkato ni mrefu au mfupi kuliko mstari wa ramani

Pima A hadi B kwenye ramani, kisha pima kwenye grafu. Zikitofautiana kwa milimita moja au mbili, ukanda uliteleza. Urudishe kwenye ramani, uhakikishe A na B zinalingana, na uone ni kuanzia alama ipi mambo yalihama. Alama zilizo kabla ya hapo ni salama na hazihitaji kurudiwa. Ukanda wenye ukingo uliochanwa kwa mkono huleta tatizo hili mara kwa mara, kwa hiyo tumia ukingo wa kiwandani wa karatasi yenyewe.

Ikiwa mkato hautoshi kabisa kwenye karatasi, huenda hakuna kosa. Ngorongoro ina upana wa kilomita 16 hadi 19 kutegemea upande unaoikatiza, na hiyo ni sentimita 32 hadi 38 kwenye 1:50,000, wakati karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7. Unganisha karatasi mbili. Kuupunguza mlalo kwa kukisia ili utoshe ni kuharibu kila kitu kinachofuata.

Tatizo ninalolijali zaidi katika sehemu hii ni la nakala. Ramani nyingi zinazofika madarasani ni nakala za fotokopi au picha zilizopigwa kwa simu na kuchapwa, na maandishi ya 1:50,000 yanabaki palepale hata kama picha imepunguzwa. Pima mraba wa gridi. Ukiwa na upande wa sentimita 1.7 badala ya 2, basi sentimita 1 ya nakala yako ni takriban mita 588, na ukuzaji uliodhani ni mara 5 umekuwa karibu mara 6. Pima pia upande wa pili wa mraba: ikiwa mmoja ni 1.7 na mwingine 1.8, simu iliinamishwa wakati wa kupiga picha, na nakala hiyo haifai kwa mkato. Kipimio cha mstari kilichochapwa chini ya ramani hupungua pamoja na ramani, kwa hiyo kinaaminika kuliko uwiano wa namba.

Mkato una ngazi, au alama zimesongamana hazisomeki

Kwenye miteremko mikali kama ile ya ukingo wa Usambara unaoshuka kuelekea bonde la Mkomazi, kontua hubanana mpaka zinaonekana kama doa moja la kahawia. Si uvivu wa macho. Mahali ambapo mteremko ni wa nyuzi 45, kontua mbili zenye mwachano wa mita 20 ziko mita 20 mlalo, na kwenye 1:50,000 hiyo ni milimita 0.4, unene wa ncha ya penseli ambayo haijachongwa vizuri. Anayejaribu kuziandika zote ataruka mbili, atarudia moja, na mkato wake utakuwa na ngazi ambazo hazipo mlimani.

Hapo chukua kontua kuu peke yake, za mita 100, na uongeze kontua ya kawaida pale tu ambapo mteremko unabadilika, yaani mahali ambapo kontua zinaanza kubanana au kuachana. Alama mbili hizo, ya mguu wa jabali na ya bega lake, zina thamani kuliko alama ishirini za katikati. Kisha unganisha kwa mkono uliotulia, bila rula. Kama kontua zimeungana kabisa na kuwa mstari mmoja, au kuna alama ya jabali, mkato unaruhusiwa kusimama wima; lakini hauruhusiwi kamwe kurudi nyuma na kuning'inia. Mstari unaorudi nyuma unaonyesha kwamba mahali pamoja pa ukanda pamepewa miinuko miwili, na hilo hutokea zaidi pale mstari wa A na B unapokwenda sambamba na kontua na kuigusa bila kuivuka. Kontua iliyoguswa tu huandikwa mara moja.

Mto unapita ubavuni mwa kilima

Mto ukionekana juu ya mteremko wakati bonde liko pembeni yake, alama moja ya kontua karibu na mto imesomwa vibaya au alama ya mto imehamia. Rudi kwenye ukanda na uangalie kontua ya kwanza kila upande wa mto: zote mbili zinapaswa kuwa juu yake. Ikiwa ya upande mmoja iko chini, ama ni kosa la kusoma, ama kile ulichokiita mto si mto. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro kuna mifongo, mifereji ya jadi ya Wachagga inayoyachukua maji kutoka kwenye makorongo na kuyapitisha ubavuni mwa migongo ya milima hadi mashambani. Mfereji wa namna hiyo, ukichorwa kwenye ramani, ni mstari wa buluu unaokwenda karibu sambamba na kontua, na mahali pake ni ubavuni hasa. Kuulazimisha ushuke bondeni ni kufuta kazi ya vizazi vya wakulima kwa kosa la penseli. Mto halisi huvuka kontua, tena huzikunja. Mfereji haufanyi hivyo.

Majibu yaliyosomwa kwenye mkato hayalingani na ramani

Mkato unaweza kuwa sahihi na bado ukazaa jibu baya. Linalotokea mara nyingi ni kupima mteremko kwa protrakta juu ya mchoro. Mkato ukiwa umekuzwa mara 5, pembe inayoonekana kuwa nyuzi 45 ni takriban nyuzi 11 ardhini, mlima ambao mtu anaupanda bila kushika nyasi. Mteremko ukokotolewe kwa namba: tofauti ya mwinuko gawanya kwa umbali mlalo, vyote kwa kipimo kimoja. Kupanda mita 600 ndani ya kilomita 3 ni 1 kwa 5, bila kujali mchoro umekuzwa mara ngapi.

Kuhusu kuonana kati ya sehemu mbili, yaani kama aliye sehemu moja anaweza kuiona nyingine, hofu ya wengi kwamba ukuzaji unaharibu jibu haina msingi. Mstari wa macho ulionyooka ardhini hubaki umenyooka kwenye mkato uliokuzwa, kwa kuwa kila kimo kimekuzwa kwa kiasi kilekile. Mgongo uliouzuia mstari huo ardhini utauzuia pia kwenye grafu. Kinachoharibu jibu ni kilele kilichokatwa bapa, kwa sababu mita kumi na kitu zilizopotea juu ya mgongo wa kati zinaweza kufungua njia ya macho isiyokuwepo. Mteremko uliobenuka katikati nao huwaficha walio chini yake hata kama kwenye ramani hakuna kilima chochote mbele. Mviringo wa dunia kwa umbali wa kilomita 11 unashusha upeo kwa kiasi kisichofika mita 10, pungufu ya mwachano mmoja wa kontua, hivyo kwa kazi ya darasani unaweza kuachwa.

Ila mstari wa macho unapopita juu ya mgongo wa kati kwa nafasi ndogo kuliko mwachano wa kontua, mkato hauwezi kuamua, na miti iliyo juu ya mgongo huo haimo ndani ya kontua. Hapo jibu sahihi la kuandika ni kwamba ramani hii haithibitishi kuonana kwa sehemu hizo mbili, pamoja na kutaja kimo cha mgongo uliosababisha shaka hiyo.